Hoja ya Nne

Kila Jumatatu asubuhi nilikuta kinu changu kimesimama.

Kilikuwa kinu kidogo cha upepo, cha kuchorwa, pembeni mwa skrini juu ya jina langu, ambapo darasa zima lilikiona. Waliotengeneza masomo yale ya mtandaoni walikipanga hivi: ukisoma kila siku, mapanga yake yanazunguka. Ukiruka siku moja yanasimama, na ng'ombe aliyechorwa chini yake anageuka kukupa mgongo. Mimi Jumapili sifungui kompyuta. Nyumbani kwetu hufunikwa kitambaa Jumamosi jioni, kama mama yangu alivyofunika cherehani yake, na viazi vya kesho humenywa hiyo hiyo Jumamosi. Basi kila wiki nilikwenda vizuri siku sita, na kila Jumatatu ng'ombe alinipa mgongo.

"Dada Geesje, kinu chako kimekufa tena," Roelof alikuwa akiniambia kwa redio ya kazini kabla hata sijavua koti. "Changu kinazunguka tangu Septemba."

"Hakijafa. Kimepumzika. Wewe mwenyewe ungefaa kupumzika."

"Nitapumzika nikiwa marehemu."

Roelof ni mlinzi wa daraja kama mimi, wa yale yanayoinuliwa ili mashua zipite, daraja la pili kutoka langu kwenye mfereji uleule. Nimeisikia sauti yake mara nyingi kuliko nilivyouona uso wake. Kanisani haendi ila kwa harusi na mazishi, na hata siku hizo hukaa karibu na mlango.

Tulikuwa tukisoma kwa sababu moja. Ofisi ya mfereji ilikuwa imeamua kwamba madaraja yetu yote, kumi na mawili, yataendeshwa kutoka chumba kimoja mjini kwa kamera. Atakayefaulu mtihani wa Machi atakalishwa mbele ya skrini. Asiyefaulu atapewa kazi ya kukata nyasi kandokando ya mfereji na kuopoa takataka majini. Kazi hiyo haina aibu yoyote. Lakini magoti yangu yana miaka hamsini na sita, na tena naipenda hii kazi ya kupitisha watu: mashua inapita, baiskeli inapita, kila mtu anafika kwake mzima. Nilimwomba Mungu aniachie kazi hiyo. Nilimwomba waziwazi, bila kuzungukazunguka.

Niliacha shule mapema ili kusaidia nyumbani, kwa hiyo nilipoambiwa nitasoma tena nilinunua kalamu mbili mpya na kuona nimejiandaa. Darasa letu lilikuwa Jumanne jioni. Kila mmoja alikaa kwake jikoni, sura zetu zikiwa kwenye visanduku vidogo kwenye skrini, na paka wa mtu alikuwa hakosi kupita mbele ya kamera. Mwalimu wetu, Tjitske, alikuwa mama wa Kifrisia, kabila la kaskazini, mwenye kicheko kikubwa na subira kubwa zaidi. Alituonya tangu siku ya kwanza.

"Madaraja yatawafuata baadaye," alisema. "Kwanza mjifunze namna ya kujifunza. Kwenye mtandao kila kitu kipo, na ndiyo hatari yake. Mtu anaona kitu kipo kwenye skrini, anadhani kipo na kichwani."

Nililiandika neno hilo vizuri kabisa kwa kalamu mpya, kisha nikafanya kinyume chake.

Masomo yalikuwa ya video. Bwana mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa alisimama mbele ya kila daraja akaeleza taa zake, vizuizi vyake, na mahali ambapo jua la asubuhi hupofusha kamera. Nilimtazama. Nilipomaliza nilimtazama tena. Kufikia Krismasi nilikuwa naweza kusema pamoja naye, hata pale anapokohoa. Mume wangu Lubbert, aliyekuwa dereva wa gari la maziwa na sasa amestaafu, alikuwa akipita nyuma yangu na kusema, "Yule jamaa yako bado hajapona kikohozi?"

Nilijiona niko tayari. Kila sentensi yake niliipokea kama mgeni ninayemfahamu, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa kichwa chepesi uzeeni.

Januari tulifanya mtihani wa majaribio. Swali la kwanza: mashua inaomba kupita kwenye daraja la saba, ukungu umetanda, utaanza na nini? Nikatazama skrini. Nilimwona yule bwana wazi kabisa, koti lake, mkono wake ukielekeza kushoto. Nilimsikia akikohoa. Alichokuwa akikionyesha kule kushoto sikukumbuka hata kidogo.

Nilipata chini ya nusu. Roelof alinizidi kidogo, naye pia hakufika kiwango.

"Usihuzunike," aliniambia kesho yake kwa redio. "Tutakata nyasi pamoja. Mimi nitaendesha mashine, wewe utaniimbia zaburi."

"Sauti yangu haifai nje ya kanisa."

"Hata ndani, nasikia."

Nilicheka, lakini mchana ule nilipowapitisha watu wa boti moja na wakanipungia mkono, machozi yalinilenga. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Tjitske alituandikia sisi tulioshindwa: atafungua darasa la ziada, Jumapili alasiri, maana siku nyingine zote alikuwa na madarasa mengine. Nilisoma ujumbe ule nimesimama. Roelof alijibu palepale kwamba atakuwepo. Mimi nilikaa siku mbili bila kujibu. Nilijua watu wengi wazuri wanaofanya kazi Jumapili; hata muuguzi aliyemhudumia mama yangu mpaka mwisho alikuja Jumapili, na nilimbariki. Lakini mimi ile siku sijawahi kuigusa, na sikutaka kuanza kuigusa kwa sababu ya woga. Nilipiga magoti nikasema, "Bwana, nikikosa kazi hii, basi nisaidie magoti." Kisha nikamwandikia mwalimu kwamba sitaweza.

"Naelewa," alijibu. "Pumzika vizuri. Jumatatu usianze kwa kutazama video."

Sikujua anamaanisha nini.

Jumapili ile tulikwenda kanisani kwa baiskeli, upepo wa mbele kwenda na upepo wa mbele kurudi, kama kawaida ya huku. Mchungaji alihubiri juu ya yule mlemavu aliyeshushwa kupitia paa. Tulirudi, nikapasha supu niliyopika Jumamosi, nikamimina kahawa. Lubbert akafungua kopo la biskuti, akachukua moja, akafunga. Kisha akauliza, kama baba yake alivyouliza na babu yake kabla yake:

"Haya mama, hoja tatu."

Kwetu mahubiri yana hoja tatu. Mchungaji huzitangaza mwanzoni, huzipitia moja moja, na mwisho hutoa matumizi, yaani wewe uliyeketi hapo, jambo hili linakutaka ufanye nini. Na nyumbani, wakati wa kahawa, mtu huulizwa. Nilipokuwa mtoto, asiyejibu alikosa biskuti. Karatasi haziruhusiwi.

Nikamjibu Lubbert. Nikasema hoja ya kwanza, marafiki waliobeba. Ya pili, paa lililotobolewa. Ya tatu, maneno aliyoambiwa yule mgonjwa kabla hajainuka. Kwenye ya pili nilikwama kidogo, nikatazama dirishani, nikaivuta, ikaja, na pamoja nayo ukaja mfano wa mchungaji kuhusu fundi wa paa za nyasi. Nilisimulia kama robo saa. Lubbert alikuwa ameacha kutafuna.

"Umeyasikia mara ngapi mahubiri haya?" akauliza.

"Si leo tu? Ulikuwa umeketi kando yangu."

"Nilikuwepo. Na yule jamaa wa kikohozi, umemsikiliza mara ngapi?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Mahubiri nilikuwa nimeyasikia mara moja, nikijua kwamba baadaye nitaulizwa. Yule bwana nilimsikiliza mara zisizohesabika, na hakuna aliyeniuliza chochote, wala mimi sikujiuliza.

Nilitaka kuruka kwenda kwenye kompyuta saa ileile. Lubbert aliyaona macho yangu yakienda kwenye kitambaa.

"Mama," akasema taratibu, "ni Jumapili."

"Najua."

"Nimesema tu."

Basi nilikaa na wazo langu mpaka kesho yake, kama mtoto aliyepewa zawadi na kukatazwa kuifungua. Kanisani jioni ile nilimwomba Mungu anisamehe, maana wakati wa wimbo wa mwisho nilikuwa nikiwaza vizuizi vya daraja la nne.

Jumatatu nilipanga kazi upya. Asubuhi kabla ya zamu nilitazama video moja, mara moja tu, nikafunga kompyuta. Saa kumi, nikiwa nimerudi, niliweka kahawa mezani na kopo la biskuti mbele ya Lubbert, nikasimama nyuma ya kiti kana kwamba ni mimbari.

"Wapendwa," nikaanza, "somo letu la leo ni daraja la saba. Tutaona kwanza, kutazama barabara na maji. Pili, kuwazuia walio barabarani. Tatu, kuinua na kupitisha."

"Utangulizi mfupi," Lubbert akasema. "Vizuri. Endelea."

Nikaendelea. Nusu yake ilinitoka kwa shida na robo haikutoka kabisa, lakini ile iliyotoka niliihisi ikikaa mahali pake. Nilipokwama hakunisaidia. Aliegemea akatazama dari, kama anavyofanya mchungaji akivuta pumzi. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Matumizi yako wapi?"

"Matumizi gani? Ni daraja, Lubbert."

"Mahubiri yasiyo na matumizi ni hotuba. Nimesimama hapo kwenye daraja la saba, ukungu umetanda, nyuma yangu kuna mama aliyebeba watoto wawili kwenye sanduku la baiskeli yake. Unanifanyia nini mimi?"

Ikabidi nifikiri. Nikafikiri kweli, kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze. Nikamwambia kwamba kwenye ukungu nitaanza na kamera ya chini, kisha nitatangaza kwa kipaza sauti kabla ya kushusha vizuizi, na nitamsubiri yule mama avuke. Akanipa biskuti.

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki, daraja moja kila siku, na kila Jumatatu nilianza kwa kukumbuka ya wiki iliyopita kabla sijafungua kitu chochote. Siku ile moja ya kupumzika ilikuwa imeyafifisha kidogo, nikalazimika kuyatafuta. Nilipomweleza Tjitske alicheka mpaka skrini ikatikisika.

"Ndicho nilichokuwa nawaambia!" akasema. "Kitu kikianza kusahaulika, halafu ukakivuta wewe mwenyewe, kinashika kuliko ukioneshwa tena. Watu wamefanya utafiti miaka mingi. Nyinyi kumbe njia hiyo mlikuwa nayo, tena na biskuti."

"Mimi sina Lubbert," Roelof akalalamika kutoka kwenye kisanduku chake. "Nina mbwa."

"Mhubirie mbwa."

"Amelala tayari. Atakuwa mtu wa kanisa."

Tjitske alimwuliza yeye anasomaje. Roelof akaeleza bila aibu: anafungua maswali, anabofya jibu mojawapo, likiwa jekundu anabofya lingine mpaka lipatikane la kijani. "Na kinu kinazunguka," akamalizia. Tjitske alimtazama kwa upole, akamwambia kinu kinajua tu kwamba amebofya. Roelof akasema atalifikiria hilo. Nadhani hakulifikiria.

Mwishoni mwa Februari tulifanya jaribio la pili, safari hii kwa mchezo wa kuiga: skrini nne, madaraja ya kuchorwa, watu wa kuchorwa, na Tjitske akitutazama. Nilikuwa mtulivu. Nilitazama barabara na maji. Nikawazuia walio barabarani. Nikainua, nikaipa mashua taa ya kijani, ikapita. Yote matatu, kwa mpangilio, bila kukosea. Moyoni nilisema amina, nikabonyeza kitufe cha kushusha.

"Geesje," Tjitske akasema. "Umemponda mwendesha baiskeli."

"Yupi?"

"Wa koti la njano. Alipita chini ya kizuizi wakati mashua inapita. Alikuwa amesimama pale ukingoni akipiga picha."

"Mungu amrehemu," akasema Roelof, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anamaanisha.

Kulikuwa na hatua ya nne. Kabla ya kushusha, tazama tena, kamera zote, kana kwamba hujatazama kabisa. Haikuwa kitu kigeni kwangu. Darajani kwangu naifanya kila mara, shingo inageuka yenyewe kuelekea dirishani. Lakini shingo haikuwa hoja. Nilipokuwa nikipanga madaraja yote kumi na mawili kwa kahawa na biskuti, niliyapanga kwa hoja tatu, maana hoja ni tatu. Nilikuwa nimemaliza mahubiri, na mtu akiwa bado amesimama darajani.

Usiku ule nililala vibaya. Mtu yule alikuwa wa kuchorwa, lakini mimi sikuwa nimewahi kumwumiza mtu darajani, hata wa kuchorwa.

"Basi ziwe nne," nikamwambia Lubbert saa ya kahawa.

Alikunja uso. "Hoja nne? Hiyo si ya kwetu."

"Lubbert, kuna mtu amekufa."

"Wa kuchorwa."

"Nikipewa zile skrini atakuwa wa kweli."

Alizungusha kikombe, akafikiri, kisha uso wake ukafunguka. "Unamkumbuka yule mhubiri mgeni, aliyekuja mwaka ule mfereji ulipoganda barafu?"

Nani angemsahau? Alikuwa kijana kutoka upande wa Zeeland, mbali kusini. Alifika hoja ya tatu, akaimaliza, nasi tukaanza kufungua vitabu vya zaburi, mpiga kinanda akainua mikono, na yule kijana akasema, "Na sasa, hoja ya nne." Kanisa zima liligeuka kumtazama. Mzee mmoja aliangusha kitabu chake. Hoja zake tatu za kwanza hakuna anayezikumbuka. Ya nne inatajwa mpaka leo.

"Ilikuwa inasemaje?" Lubbert akaniuliza, ingawa anajua.

"Angalieni nani amebaki nje," nikajibu.

Kuanzia siku ile, kila nilipomaliza hoja ya tatu, Lubbert alifanya kazi ya kutikisa vitabu. Alipangusa makombo, akasukuma kiti nyuma, akavaa kofia, alifanya kila kitu kunionyesha kwamba ibada imekwisha. Na mimi nilitakiwa kumzuia. "Keti," nilimwambia. "Na sasa, hoja ya nne." Mara moja alifika mpaka mlangoni kabla sijakumbuka, akaninyima biskuti ya siku ile.

Mtihani ulikuwa Alhamisi, mjini, kwenye chumba kipya kilichonukia rangi. Msimamizi alikuwa mwanamume mkimya mwenye tai, aliyekaa nyuma yangu ambapo sikuweza kumwona. Nilisali kimya. Sikuomba kufaulu, hilo nilikuwa nimeliomba vya kutosha. Niliomba nisimwumize mtu.

Nilipewa daraja la tatu, kisha la kumi, kisha la saba. Mvua ya kuchorwa ilikuwa ikinyesha. Nilitazama. Nilizuia. Niliinua. Meli iliyobeba mchanga ilipita polepole mno, ikatoa mlio wake wa shukrani, na nyuma ya vizuizi mstari wa magari ulikuwa umerefuka, mmoja akipiga honi. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe. Mwili wangu wote ulitaka kufunga kitabu na kwenda nyumbani.

"Keti," nikasema kwa sauti.

"Samahani?" akasema msimamizi.

"Si wewe, bwana."

Nikatazama kamera zote, moja baada ya nyingine. Kwenye ya chini, karibu na bawaba, kulikuwa na mtu ameinama chini ya mwavuli akiopoa kofia yake. Nikamtangazia kwa kipaza sauti. Hakusikia. Nikarudia, nikasubiri, honi zikaongezeka, nikasubiri tena. Akainuka, akavaa kofia yake iliyolowa, akarudi nyuma ya kizuizi. Hapo ndipo niliposhusha.

Msimamizi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wengi leo wamemponda yule wa kofia." Hakusema zaidi. Barua ya kufaulu ilikuja kwa barua pepe Ijumaa mchana, nikaisoma mara moja, nikafunga kompyuta, nikamsimulia Lubbert kwa kichwa.

Roelof hakufaulu. Nilijua kabla hajaniambia, kwa sababu siku nzima redio yake ilikuwa kimya, na yeye hawezi kunyamaza hata kwa dakika mbili. Jioni, nilipokuwa nikifunga zamu, sauti yake ikaja.

"Dada Geesje."

"Nipo."

"Nimemponda yule wa kofia."

"Pole sana, Roelof."

"Wanasema nirudie Juni. Mpaka wakati huo nakata nyasi." Nikasikia mbwa wake akijikuna. "Hiyo kahawa yenu. Ya kuulizwa. Bado ipo?"

"Kila siku saa kumi, isipokuwa Jumapili. Lakini Lubbert atakubana, nakuambia mapema. Usipojibu hupati biskuti."

"Hata mgeni?"

"Mgeni ndiye anayebanwa zaidi."

"Basi nakuja Jumatatu. Ila sharti moja, dada. Msianze kuniombea."

"Umechelewa," nikamwambia. "Tulianza Septemba."